Mkuki Aliochorewa Kaka Yangu

Wajukuu zangu, na ninyi wengine mnaobandika makaratasi ya sinema kwenye kuta za vyumba vyenu, leo mtanisikiliza. Mnasema ni michoro tu, tena mizuri. Mizuri, ndiyo. Mimi nina hasira nayo tangu Mjerumani yuko Dodoma.

Nakumbuka siku moja, nikiwa msichana wa kuchota maji na reli ndiyo kwanza imefika, Mzungu mmoja mchoraji alimkuta kaka yangu Chidawali akichunga ndama karibu na stesheni. Akamwomba asimame. Kaka akasimama na fimbo yake, mapete masikioni, nywele zimepakwa udongo mwekundu kama vijana wa Kigogo wa wakati ule. Mzungu akamchora, akampa chumvi, wakaachana vizuri.

Baada ya mavuno tukaona kitambaa kimetundikwa ukutani mwa duka, cha kuwaita watu kwenye hema la picha zinazotembea. Kaka amekijaza chote, mrefu kuliko mlango. Lakini meno ni ya fisi. Fimbo imekuwa mkuki unaochuruzika damu, na miguuni pake amelala bibi wa Kizungu. Maandishi mekundu, yameinama kama yanakimbia. Mwanangu, yule mtu alijua kazi yake! Hata sisi tusiojua kusoma tulitetemeka.

Askari mmoja mgeni, naye hakujua kusoma, akadhani ni tangazo la serikali la kumtafuta muuaji. Akamkamata kaka mnadani. "Mshenzi we, bibi umemuua wapi?" Kaka akacheka, akidhani anataniwa. Akalazwa chini, akachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya mchumba wake.

Mama akakimbia kumleta mchoraji. Yule bwana akatazama mgongo wa kaka, akasema, "Ah, hii sinema tu. Mwachie." Kaka akaachiwa. Mama hakuondoka.

"Bwana, futa mkuki."

"Mama, bila mkuki nani ataingia hemani?"

"Basi chora uso wako, mkuki uushike wewe."

Akacheka, akamwambia aje atazame bure. Bure!

Mama akaenda zizini, akaja pale dukani na udongo uliochanganywa na mavi mabichi ya ng'ombe, ule wa kukandikia tembe, nyumba zetu za udongo. Akakandika mkuki, damu, bibi, maandishi, meno. Akabakiza macho ya mwanawe.

"Mama, una wazimu?" askari akauliza.

"Nakandika ukuta, baba. Mvua inakuja."

Watu wakacheka, yeye akafungwa. Alitoka amekonda.

Na bado haikusaidia. Walioona kitambaa walikuwa wengi kuliko waliosikia maelezo. Kisimani wanawake waliwavuta watoto wao kaka akipita. Wakwe wakarudisha ng'ombe wa mahari. Akahamia Mlali, akafia huko bila mke, kwa damu ambayo hakuimwaga.

Basi, mwanangu, mchoro ukikuvutia, uliza aliyechorwa ni nani, na nani alimtia mkononi alichoshika. Na wewe unayejifunza kuchora, usimpe mtu mkuki kwa sababu mkuki unaleta watu. Mungu azilinde sura zenu, mjulikane kwa mliyoyatenda wenyewe.

Wa nyumbani kwangu nimeshawaambia: lile karatasi la mtu mweusi anayetoa meno litoke ukutani kabla sijaipua ugali, na mpiga picha akija hapa, mtu asisimame mbele yake mpaka aseme anakwenda kumgeuza kuwa nani.