Kiondo cha Mwandishi wa Mpira

Miaka ile ya sabini cherehani yangu ilikuwa kwenye veranda ya duka moja mjini Nyeri, hatua chache kutoka sokoni, na mbele yake palikuwa na benchi. Benchi lilikuwa la wateja. Wateja lakini walikuwa wachache kuliko wakaaji, na kila aliyetaka kupumzisha miguu au kuchosha ulimi alikuja kuketi hapo. Niliwafukuza kwa maneno makali kila siku. Walicheka, wakasogea kidogo, wakakaa.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku mbaya zaidi. Gazeti la Kiswahili lilifika na basi la Nairobi saa nne, na kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la nane na sauti yangu si ya kunong'ona, nilifanywa msomaji bila kuulizwa. Mwenye bucha ya jirani alilinunua, mimi nikasoma ukurasa wa michezo, kisha vita vikaanza.

Vita vilikuwa juu ya kocha wa timu ya mji wetu. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kahawa, mrefu, mkimya, mtu wa kusimama kando ya uwanja mikono mgongoni. Timu ikifunga hakuruka. Ikifungwa hakumtukana refa. Na filimbi ya mwisho ikilia, kabla jasho la wachezaji halijakauka, alikuwa ameshatoka uwanjani bila kumpa mtu mkono. Jumapili moja alimtoa winga wetu, kipenzi cha mji mzima, ambaye alikuwa ametoka kufunga mabao mawili. Kosa la kijana lilikuwa kwamba alimpiga beki chenga akaanguka, akamngoja ainuke, akampiga nyingine ili watu wacheke. Tulishinda siku hiyo, na bado uwanja mzima ulimzomea kocha.

Gazetini palikuwa na mwandishi wa michezo aliyekuja mara kwa mara kutoka Nairobi kutazama mechi zetu, na yeye hakumwacha kocha apumue. Aliandika kwamba ana kiburi, kwamba anawadharau mashabiki, kwamba timu si shamba la baba yake.

"Huyo mwandishi amesema ukweli kabisa," alisema karani wa posta, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. "Kocha gani hasalimii watu? Hiyo ni madharau."

"Wewe unataka salamu ama unataka goli?" akauliza mwenye bucha. "Winga alikuwa anachezea mtoto ya wenyewe kama paka na panya. Mimi ningemtoa na kiboko."

"Ati kiboko! Hii ni mpira, si shule."

"Na huyo mwandishi yako alipiga mpira lini? Yeye iko na kalamu tu, kama wewe."

Nakiri nilikuwa upande wa mwandishi. Kocha aliwahi kuniletea suruali nimkatie upindo, akaja kuichukua, akaitazama, akasema upindo umepinda. Ulikuwa umepinda kweli. Lakini fundi haambiwi hivyo mbele ya benchi zima, na nilimwekea kinyongo kwa miezi.

Halafu akaja mama yake.

Alikuwa mwanamke mzee wa Wamagana, mdogo wa mwili, aliyeleta nduma, yaani magimbi, sokoni kila Jumatatu. Alasiri, akiisha kuuza, alikuja kungojea gari la kwao kwenye benchi langu, huku akisuka kiondo. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha kutaja bei na kukataa kupunguza, na kusoma hakujua. Siku hiyo ya kwanza alitoa mfukoni kipande cha gazeti, kilichokunjwa kama noti, akanipa kwa mikono miwili.

"Nimeambiwa mtoto wangu ameandikwa hapa," alisema kwa Kikuyu. "Nisomee wanasema nini."

Nilikitazama. Nilikuwa nimekisoma asubuhi kwa sauti kubwa, tena kwa furaha. Kiburi, madharau, shamba la baba yake. Nikamtazama yule mama. Alikuwa ameweka chini uzi wake na kufuta mikono kwenye leso, kama mtu anayejiandaa kupokea mtoto mchanga.

"Wanasema ni mtu wa kujiheshimu," nikasema. "Hapendi maneno mengi. Wanasema timu imepata baba."

Mama yangu mwenyewe alifariki kabla sijajua kusoma. Siku nilipopata hati yangu ya darasa la nane sikuwa na wa kumsomea, nikaisomea ng'ombe. Huenda ndiyo maana nilidanganya, na huenda nilikuwa mwoga tu. Najua hili moja: uso wa yule mama ulipong'aa, nilijiona nimefanya kazi nzuri kuliko suruali yoyote niliyowahi kushona.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikwenda miezi mingi. Kila Jumatatu asubuhi nilisoma gazeti kama lilivyo, na alasiri nilisoma lingine ambalo halikuwahi kuchapishwa. Mwandishi akiandika kwamba kocha ana kichwa kigumu, mimi nilisema ana msimamo. Wiki ambayo hakuandikwa kabisa, nilitunga, na kila mara mama aliniachia nduma mbili za kuchemsha. Siku moja karani wa posta alikuwapo, akanisikia, akafungua kinywa. Niliinua mkasi. Sikumwelekezea, niliuinua tu. Mwenye bucha naye alimkanyaga mguu. Karani alimtazama mama, akameza mate, kisha akasema kwa Kikuyu safi kwamba mwandishi huyo anajua mpira sana na kila analoliandika juu ya kocha ni la kweli. Tangu siku hiyo nilimshonea vifungo bure.

Lakini usingizi ulipungua. Mji ni mdogo, na sokoni kuna midomo. Siku mama huyu atakapoambiwa kwamba mwanawe anazomewa, na kwamba mimi nimekuwa nikimchezea, nitamtazama kwa macho gani?

Kocha mwenyewe alikuja wakati wa mvua. Benchi lilikuwa tupu. Alileta suruali iliyochanika goti, akasimama.

"Wewe ndiye unasomea mama yangu gazeti?"

Nilisema ni mimi. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kofi.

"Na tukifungwa, unamwambia nini?"

"Hiyo huwa sisomi."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi namwambia tumeshinda. Kila Jumapili. Alizika watoto wawili wakati wa hali ya hatari, siku za mkoloni, nikabaki mimi. Jumapili ananingoja kwa mlango, na hawezi kula kabla ya kuniona. Gari ya mwisho inatoka hapa saa kumi na mbili. Nikianza kusalimia watu, mama analala njaa." Akaweka suruali juu ya cherehani. "Hiyo si ya kuambia hii benchi."

Aliondoka bila kuaga. Kinyongo changu cha upindo kiliondoka naye. Nilimkazia lile goti kwa nyuzi mbili, na nikaanza kuwanyamazia watu wa benchi, ambao walidhani naumwa.

Mwaka huo timu ikaanza kufungwa mfululizo. Mwandishi aliongeza moto, na kamati ikasemekana itaketi kumfukuza kocha. Ndipo Jumatatu moja mama akamaliza kile kiondo. Kilikuwa kizuri ajabu, cha mkonge laini, chenye mistari ya rangi ya udongo. Nilidhani ni cha kuuza. Nikamuuliza bei.

"Hiki hakina bei," akasema. "Ni cha yule mtu wa gazeti. Mwaka mzima ananisifia mtoto, na mimi sijamwambia asante. Mkono mtupu haulambwi. Jumapili akija, unipeleke kwake."

Sindano iliniingia kidoleni. Nilimwambia ni mtu wa haraka. Akasema hata yeye ana haraka, maana amezeeka. Nilimwambia hajui Kikuyu. Akasema, "Si wewe upo?"

Jumapili alikuja na kiondo kimejaa nduma na ndizi, na leso mpya kichwani. Nilimchelewesha njiani kwa kila hila, ili asione mchezo. Tulifika mwisho mwisho. Tulikuwa tumefungwa mbili kwa moja na timu ya Nanyuki, winga akiwa ameketi nje, na watu walikuwa wakimzomea kocha kwa nguvu zote. Mama akasimama, akasikiliza.

"Wanamzomea nani?"

"Refa," nikasema.

Filimbi ikalia. Kocha alipita upande wa pili, mbio, koti begani, bila kutuona. Mama alimfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya ukuta.

Mwandishi alikuwa mtu mwembamba wa kutoka upande wa ziwani, amevaa kabuti, anaandika akiwa amesimama. Mama alikwenda moja kwa moja mbele yake, akaweka kiondo chini, akaongea kwa muda mrefu. Alisema alikuwa na watoto watatu. Alisema huyu wa mwisho ni mkimya tangu azaliwe, na watu humwelewa vibaya, lakini Mungu alileta mgeni wa kumwelewa. Alisema kiondo ni cha mke wake.

Mwandishi alinigeukia. "Mama anasemaje?"

Nilifikiria kudanganya upande wa pili pia. Nilikuwa nimezoea. Lakini nilikuwa nimechoka. "Huyu ni mama ya kocha," nikamwambia kwa Kiswahili. "Hajui kusoma. Mimi ndiye namsomea maneno yako, na yale mabaya yote nimekuwa nikiyageuza yawe mazuri. Amekuja kukushukuru. Kiondo alisuka mwenyewe. Ni cha mke wako."

Nilimwona akiwa mwekundu wa macho kwa hasira, na hasira ilikuwa haki yake, maana kazi ya mtu ni kazi ya mtu.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Bado anafikiria."

"Mwambie sina mke," mwandishi akasema mwishowe.

Nikamwambia mama. Akacheka. "Basi ampelekee mama yake."

Nilitafsiri hiyo neno kwa neno. Mwandishi akaweka kalamu mfukoni, akainama, akakichukua kiondo kwa mikono miwili. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini kocha hukimbia. Nilikuwa nimekatazwa kuliambia benchi, lakini mwandishi hakuwa benchi. Nikamwambia. Alisikiliza bila kuandika.

"Jumatatu," akaniambia, "usigeuze kitu."

Gari la Wamagana, lile alilolikimbilia kocha, lilikuwa halijajaa, kwa hiyo mwenye bucha akampakia mama kwenye pikapu yake ya nyama, akamfikisha nyumbani kabla ya mwanawe.

Kesho yake sikulisoma gazeti asubuhi. Benchi lilinitukana, nikalikalia lile gazeti. Alasiri mama alifika, akaketi, akawa na uzi mpya mkononi.

"Jana alinikuta nawasha moto," akaanza. "Akaniambia tumeshinda." Alitabasamu. "Mimi niliwaona wale vijana wameshika vichwa. Nikamwambia hongera, tukala."

Nikafungua gazeti na kumsomea kama lilivyo, kwa Kikuyu, polepole. Kwamba timu ilicheza vibaya. Kwamba kocha alikosea kumweka winga nje mechi nzima, na ukaidi huo utaigharimu timu. Kwamba ajifunze kusema na wachezaji wake. Kisha mwisho, mistari miwili: kwamba mwandishi mwenyewe amewahi kuita haraka ya mtu kiburi bila kuuliza anakokwenda, na kwa hilo anaomba radhi.

Mama alisuka mizunguko kadhaa.

"Leo ndiyo mara ya kwanza anamkemea mtoto wangu?"

Uzi wa cherehani ulikuwa mbele yangu. Niliuvuta bila sababu. "Hapana, mama. Amemkemea tangu mwanzo. Mimi ndiye sikukusomea."

Niliona aibu niliyokuwa sijaiona tangu utotoni. Karani na mwenye bucha walikuwa wameingia na kusimama kwenye veranda, na hakuna aliyecheka.

"Mgeni ndiye husifu," mama akasema. "Akishapewa chai anaondoka. Wa nyumbani hukemea, kwa sababu kesho atakuwapo. Kumbe mtoto wangu alikuwa na ndugu kwenye gazeti mwaka mzima, na hukuniambia." Aliweka kiondo kipya mapajani, kilikuwa bado kitako tu. "Na wewe, kila Jumatatu umenisomea kama mgeni. Nimekulisha nduma zangu kama nani?"

Macho yangu yalijaa, na mimi ni mtu wa kufokea watu, si wa kulia mbele ya wauza nyama. Alijisogeza kwenye benchi karibu na mashine, akanipapasa goti kama mtu anayetuliza ndama.

"Anza tena juu," akasema. "Nisomee kama mtoto wangu."

Nikapangusa uso kwa kitambaa cha suruali ya mteja, nikaanza tena mstari wa kwanza, ule unaosema tulifungwa.