Hasira Iliyotoka Shingoni

Ilianza na sauti ya mume wangu akitafuna. Tumeishi pamoja tangu nikiwa msichana anayejifunza kushona, na miaka yote hiyo sikuwahi hata kuisikia. Kisha jioni moja, akila hindi la kuchoma mlangoni pa nyumba yetu hapa Malinya, nikasikia kila punje ikivunjwa ndani ya sikio langu. Nikamwambia akalie kule kwenye migomba. Akacheka, akidhani namtania. Nikampokonya lile hindi nikalitupa uani, na kuku wakaligombania. Hakucheka tena.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni sare za shule. Watu walikuwa wakiniletea vitambaa kwa sababu ya mishono yangu na kwa sababu nilikuwa mtu wa polepole. Mzazi angeweza kurudisha sketi akisema imebana, arudi tena akisema imelegea, nami ningefumua nikishona huku tukiongea habari za mvua. Mwaka ule nilimrushia mama mmoja sketi usoni. Alikuwa ameuliza tu kama itakuwa tayari kufika Ijumaa.

Mwili nao ulikuwa umegeuka. Nilikuwa nakula obusuma, ugali wetu, kama mkata miwa na bado nguo zangu zikanining'inia. Nilitoka jasho asubuhi ya baridi watu wengine wakiwa wamevaa sweta. Uzi haukuingia tena kwenye tundu la sindano kwa sababu vidole vilitetemeka, na kila uliposhindwa kuingia nilihisi moto ukipanda kutoka kifuani. Majirani walichoka midomo kwa kunong'ona habari zangu. Wengine walisema ni ule ugonjwa ambao hapa kwetu watu hawautaji kwa sauti. Wanawake wa kanisani walikuja kuniombea roho ya hasira initoke, wakaniwekea mikono kichwani, na nilichowaza ni kwamba mikono yao ni mizito na inanuka vitunguu.

Mwanangu wa pekee ndiye aliyenivumilia. Alikuwa amemaliza chuo, anafundisha watoto wadogo, na alikuwa na kijana wa Mukumu aliyetaka kumwoa. Nilipokuwa nikifoka, alingoja nimalize, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai. Alikuwa ananijua kuliko mtu yeyote. Wakati mwingine aliniwekea uzi kwenye sindano nyingi kabla ya kwenda kazini, akazichomeka kwenye mto mdogo karibu na cherehani.

Watu wa upande wa kijana walikuja Jumamosi moja kujitambulisha. Alikuja kijana mwenyewe, mama yake, baba mdogo wake na shangazi yake. Baba yake alikuwa amefariki zamani, kijana akiwa bado mdogo. Sisi watu wazima wa sehemu hizi tulijua alivyokwisha polepole ndani ya nyumba na alivyozikwa upesi. Lilikuwa jambo la kujulikana tu, si la kusemwa.

Tulikuwa tumechinja ingokho, kuku wa kupokea wageni, na mwanangu alikuwa jikoni tangu alfajiri. Mambo yalianza vizuri. Mume wangu na baba mdogo waliongea habari za miwa na mafahali, wakacheka. Mimi nilikuwa nimeketi kando ya dirisha ili nipate hewa, moyo ukinidunda kana kwamba nimepanda mlima, nikijiambia nitulie, nitulie, ni siku ya mtoto wangu.

Shangazi akanitazama. "Mama wa msichana, na wewe huli? Hebu ona vile mikono inatetemeka. Umekonda sana. Uko na afya kweli?"

Aliuliza kwa huruma, sasa naamini hivyo. Lakini nilichosikia siku ile ni majirani wote wakiwa wameingia nyumbani kwangu wakaketi kwenye viti vyangu.

"Mmekuja kuona msichana ama mmekuja kunipima mimi?" nikamwambia.

"Mama, basi," mume wangu akasema.

"Usiniambie basi nikiwa kwangu!" Nikamgeukia mama wa kijana, ambaye alikuwa hajasema lolote. "Kama ni habari ya kukonda, ulizaneni wenyewe. Mimi sijazika mume haraka haraka ili watu wasione kilicho ndani ya jeneza."

Yule mama aliweka tonge lake kwenye sahani, akavuta beseni, akanawa mikono taratibu, kidole baada ya kidole. Kijana alikuwa akimtazama. "Mama, anasema nini?" aliuliza. Mama yake alisema, "Asanteni kwa chakula," akasimama, na wengine wakasimama naye.

Mwanangu alikuwa mlangoni na bakuli la mchuzi. Alilishika hadi gari la wageni likatoka uani. Kisha akaliweka mezani, akaniambia, "Ungenipiga mimi tu, mama. Hao ungewaacha."

Hata hapo sikulia. Nilikuwa bado nawaka. Niliendelea kuongea peke yangu mpaka jua likazama, nikizieleza kuta jinsi nilivyodharauliwa nyumbani kwangu. Uchungu ulikuja baadaye, mwili ulipochoka, na ulipokuja haukuwa na mahali pa kwenda.

Wiki chache baadaye nilianguka sokoni Kakamega nikichagua vitambaa. Moyo ulikimbia mpaka miguu ikakataa. Muuzaji alinipeleka hospitali, na huko daktari, msichana wa umri wa mwanangu, alinipa maji kwenye kikombe akaniambia nimeze polepole huku akinigusa shingo akiwa nyuma yangu. Kisha akaketi mbele yangu.

"Mama, umekuwa mkali nyumbani?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Ndipo nikalia.

Majibu ya damu yaliporudi alinieleza kwamba kuna tezi hapa mbele ya shingo, inaitwa thairoidi, na yangu ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Inatoa homoni nyingi kuliko mwili unavyohitaji. Ndiyo maana moyo unakimbia, joto linapanda, usingizi unakatika na hasira inakuwa karibu. Alinipa vidonge, akanionya kwamba nikipata homa na koo kuuma nisingoje hata siku moja, nirudi mbio.

"Kwa hivyo si mimi," nilisema.

"Ni ugonjwa, mama."

"Na maneno niliyowaambia watu?"

"Tezi nitaitibu," alisema. "Maneno, sijui."

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya ajabu, kama mtu aliyeonekana hana hatia. Nilimweleza mwanangu yote, shingo, homoni, moyo. Alikuwa akipiga pasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nashukuru Mungu umejua, mama." Akakunja blauzi yake. "Sasa nenda ukamwambie na yule mama wa Mukumu."

Nilienda Mukumu peke yangu. Mama wa kijana alikuwa akianika maharagwe. Alinisalimu mulembe, akanitolea kiti, akaniletea chai, na wema huo ulinitisha kuliko kama angenifukuza. Nilimweleza. Nilimwonyesha hata shingo ilivyovimba. Alitazama, akatikisa kichwa kwa kunihurumia kwelikweli.

"Pole sana, mama," alisema. "Ugonjwa naujua. Mume wangu alinitukana mpaka siku ya mwisho, na nilijua si yeye."

"Basi unisamehe."

"Nimeshakusamehe. Si hilo." Alichambua maharagwe kidogo, akitupa mabovu. "Mwanangu hakuwa anajua baba yake alikufa na nini. Nilimlea hivyo. Nilitaka siku moja nimweleze mwenyewe, nikiwa nimejipanga. Amejua kwako, mbele ya watu, akiwa na nyama mdomoni. Sasa hataki kuniongelesha mimi. Hiyo nitaisamehe vipi, na kwa nani?"

Nilimaliza chai kwa sababu kuiacha kungekuwa tusi lingine.

Kijana hakurudi. Nasikia aliondoka akatafuta kazi mbali, na mwanangu hakuniambia kama waliagana. Vidonge vilifanya kazi yake. Mikono ilitulia, nikanenepa, wateja wakarudi wakisema sasa ndio wananiona. Wanawake wa kanisani walitoa ushuhuda kwamba maombi yamejibiwa. Niliweza tena kufumua sketi nikiongea habari za mvua. Lakini mwanangu alikuwa amehamia Eldoret, na mume wangu alikuwa amejifunza kutafuna akiwa amefunga mdomo kabisa, taratibu, akinitazama. Nimemwambia ale tu. Anasema, "Nakulanga hivi siku hizi." Ananiomba ruhusa kuwasha redio yake mwenyewe.

Daktari aliponiachisha vidonge, ugonjwa ulikaa kimya kwa muda kisha ukarudi. Sasa navimeza tena, na ameanza kuongea habari za matibabu mengine ambayo hayapatikani hapa. Amenifundisha namna ya kujishika. Nikihisi joto linapanda niseme wazi kwamba limekuja, nitoke nje, nijimwagie maji baridi usoni, nisijibu mtu mpaka moyo upungue. Nafanya hivyo. Naenda kusimama katikati ya miwa ya jirani ambapo hakuna wa kumwumiza. Siku nyingine inapita. Siku nyingine narudi nyumbani nikidhani imepita, na kifuniko cha sufuria kikianguka naisikia sauti yangu ikipaa kabla sijajua nimefungua mdomo. Kujua jina la kitu hiki hakujakipunguza hata kidogo. Zamani nilifoka nikidhani nina haki. Sasa nafoka nikijua, na sijui ni lipi afadhali.

Mwezi uliopita mwanangu alikuja kututembelea. Tulikula, tukaongea habari za watoto anaowafundisha huko. Baba yake alipotoka kufungia kuku, mwanangu aliinama kuja karibu nami, kama alivyokuwa akifanya zamani, akasema, "Mama, kuna jambo nataka kukuambia." Macho yake yakashuka yakaona mikono yangu, ambayo nilikuwa nimeibana kwenye leso ili isitetemeke.

"Niambie," nikasema. "Niko sawa."

"Najua, mama," alisema, akaanza kukusanya sahani. "Si kitu cha haraka."

Asubuhi alipanda gari la kwanza.