Hapana ya Borghild na Mboga Zake

Niliporudi kutoka kwa binti yangu, Duluth, baada ya Krismasi, nilikuta mwisho wa korido yetu, hapa jumba la kutunzia wazee, mtupu. Pale kwenye dirisha la kusini ndipo zilipokuwa rafu za Borghild Tveit, rafu za chuma zenye taa juu ya kila moja, na trei zimejaa mboga: majani ya saladi, spinachi changa, machipukizi ya njegere, na yale majani madogo makali yanayoota juu ya pamba iliyoloweshwa. Nje theluji imepanda hadi usawa wa vioo, humu ndani kijani kitupu. Wazee wa jumba zima tulikuwa tunajipitisha pale hata kama hatuna safari, tunuse tu. Sasa hapakuwa na kitu ila alama za miguu ya rafu kwenye zulia.

Nikagonga mlango wa Borghild, tena sikugonga kistaarabu.

"Rafu ziko wapi?"

"Karibu, Verna. Umefika salama? Kahawa?"

"Nimeuliza rafu."

"Zimeondolewa," akasema, huku anapanga vikombe. "Bwana Pruitt kasema korido iwe wazi, moto ukitokea watu wapite. Ana haki yake."

"Na hakukupa mahali pengine?"

"Alinipa. Alisema nizihamishie chumba cha jua."

"Aa! Basi ziko chumba cha jua."

"Hapana. Nilimwambia asijisumbue."

Nikavuta kiti nikakaa. Nilielewa palepale. Mtu wa kwetu hapa Minnesota ukimkaribisha kahawa atasema hapana, nimekunywa. Ukimkaribisha tena atasema basi, usihangaike kwa ajili yangu. Ya tatu ndiyo anavuta kiti, na hapo atakumalizia birika. Ndivyo tulivyolelewa. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na watu watamsema hadi siku ya maziko yake. Sasa huyu Dwight Pruitt, meneja wetu mpya, katokea Arizona, na huko inaonekana mtu akisema hapana wanamwamini!

"Akasemaje ulipomwambia asijisumbue?"

"Akasema sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa tu, akaenda zake. Nikajua atarudi kuniuliza tena." Akanimiminia kahawa. "Labda ana shughuli nyingi. Mwanzo wa mwaka huu, si unajua."

Na mboga? Lo, mboga! Yule bwana alimwambia fundi azipeleke gereji. Gereji isiyo na joto, Januari, Minnesota! Alidhani gereji ni stoo. Nilikwenda kuziona mwenyewe. Majani yote yalikuwa meusi, yamelala kama matambara ya kupigia deki, na udongo kwenye trei umekuwa jiwe. Nilisimama pale nikatukana kwa Kinorwe, lugha ya marehemu bibi yangu, ambayo sijui maneno yake mengine yoyote.

Nataka mjue huyu mama ni nani, ndipo mtajua kwa nini damu ilinichemka.

Borghild alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, siku zile ambazo mboga ya majira ya baridi ilikuwa viazi, na ukichoka na viazi unakula viazi. Mama yake alikuwa akilowesha pamba kwenye sahani, ananyunyiza mbegu, anaiweka dirishani jikoni, na watoto wanagombania jani mojamoja. Borghild alipoolewa na Ansgar Tveit hakuishia kwenye sahani. Aliteremka ghala la chini ya nyumba, akaning'iniza taa za mirija walizotoa kwenye zizi, akapanga trei, akaanza kulima. Kulima chini ya ardhi, Januari! Watu walimcheka kanisani. Walisema akina Tveit wamehamishia bustani kaburini. Ilipofika Februari walewale walikuwa mlangoni kwake na mabakuli, hapana asante, hapana asante, haya basi kidogo tu.

Kisha alipika shuleni miaka chungu nzima, na sikumbuki siku aliyomjibu mtu vibaya. Walipomtaka astaafu kabla ya wakati ili jiko liendeshwe na kampuni ya nje, alisema haina neno. Mwanawe mkubwa alipotaka shamba liuzwe, haina neno. Ghala likaenda na shamba, na hilo nalo halikuwa na neno. Mimi nina maneno! Ningekuwa mama yake ningemfundisha angalau moja.

Ila kitu kimoja hakukiacha. Ansgar alipopigwa na kiharusi, akalazwa wodi ya chini ya jumba hili hili, Borghild alihamia ghorofa ya juu na rafu zake. Chumba chake kinatazama kaskazini, hakioni jua mpaka Machi, ndiyo maana zilikaa korido. Kila adhuhuri alikata majani, akayakatakata laini, akayachanganya na yai la kuponda na siagi, akashuka nayo. Ansgar tangu augue hakuwa na hamu ya chakula chochote. Uji wa jumba anautema. Saladi ya dukani ndiyo usiseme, inasafiri kwa lori kutoka California, inafika hapa imechoka kuliko dereva, nusu yake ute. Lakini yai lenye majani ya mkewe alikula, na akishaanza kula hilo, anapokea na uji.

Kwa hiyo nilimuuliza swali nililokuwa naliogopa.

"Ansgar anakula nini sasa?"

Borghild akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. "Hali," akasema.

Nikashuka wodini mwenyewe. Muuguzi Renae, mtoto wa hapa hapa mjini, akanivuta pembeni.

"Bibi Verna, amekonda. Daktari anasema asipoanza kula karibuni itabidi tumpeleke hospitali ya mbali wamwekee mpira wa kulishia. Na akienda huko, na barabara hizi za barafu, Bibi Borghild hataweza kumfuata."

"Umemwambia Borghild?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema hataki kumsumbua mtu."

Mungu wangu! Nilipanda ofisini kwa Pruitt nikiwa na slipa miguuni. Alikuwa amevaa sweta juu ya sweta, maskini, pua nyekundu.

"Wewe kijana, umemfanya nini Bi Tveit?"

Akaruka kitini. "Nimemfanya nini, mama?"

"Umemnyang'anya mboga zake ukazigandisha!"

"Sikumnyang'anya! Nilimpa chumba kizuri kuliko vyote. Akasema hapana. Nikaheshimu uamuzi wake."

"Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara ngapi vipi? Nilimuuliza."

"Mara moja!"

"Sasa mtu anaulizwa mara ngapi?"

"Tatu! Hata mbwa wa mji huu anajua ni tatu!"

Alinitazama kama mtu anayesubiri nicheke. Sikucheka. Akasema taratibu, "Kwa hiyo alikuwa anakitaka?"

"Anakitaka kuliko pumzi."

"Sasa mama, mimi ningejuaje?"

Na hapo ndipo nilipochukia zaidi, kwa sababu hakuwa na kosa la kumshika nalo. Angejuaje? Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Ikamwacha yule kijana na sweta zake, ikarudi kwetu, kwa sisi watu tunaokaa na njaa mbele ya sahani tukingoja tubembelezwe. Mzee wa watu anakauka kitandani, na mkewe ghorofa ya juu anangoja kuulizwa mara ya pili!

Pruitt akaniambia jambo jingine, huku anajikuna shingo. Chumba cha jua alikwisha kuwapa akina Ardis Skaar, wanaounganisha picha za vipandevipande. Wameenea meza zote, dirisha lote la kusini ni lao. "Siwezi kuwafukuza," akasema. "Lakini wakikubali wenyewe, leo hii naleta rafu, na mbegu nanunua mimi."

Nikarudi kwa Borghild.

"Vaa viatu. Tunakwenda kwa Ardis."

"Ah, hapana, Verna. Wameshazoea pale. Acha tu."

"Sikuulizi mara ya pili wala ya tatu! Mficha uchi hazai, mwenzangu. Unangoja nini? Unangoja wampakie Ansgar kwenye gari?"

 Sijawahi kumwona Borghild Tveit akilia, hata siku shamba lilipouzwa, na hapo pia hakulia. Alivaa viatu. Alivaa na kile kikoti chake cha kanisani, sijui kwa nini.

Chumba cha jua kilikuwa kimejaa. Ardis na wenzake walikuwa wameinamia picha ya kinu cha upepo, anga lote bado halijaungwa, na anga ndilo gumu. Ardis ni mtu mzuri, nisije nikamsingizia, ila kitu akishakikalia ni chake. Pruitt alisimama mlangoni. Mimi nilifungua kinywa, Borghild akanishika mkono nikafunga.

"Ardis," akasema, sauti ndogo. "Naomba upande wa dirisha. Kwa ajili ya mboga za Ansgar."

 Kuomba hivyo, waziwazi, mbele za watu! Mmoja wao aliangusha kipande cha anga na hakukiokota.

Ardis akatabasamu lile tabasamu letu. "Aa, chukueni tu, jamani. Msitujali sisi. Tutajibana huko kwenye kona ya friji, haina neno."

Kila mtu mle ndani, ukimtoa Pruitt, alijua maana yake. Maana yake ni ng'o. Na kila mtu alijua jibu linalotakiwa: hapana, hapana, Ardis, hatuwezi kuwasumbua, bakini palepale. Wamama wote walikuwa wameinua nyuso wakilingoja. Hata mimi, na domo langu lote hili, nilihisi yale maneno yananipanda kooni yenyewe, kama kwikwi.

Borghild alivuta pumzi.

"Asante, Ardis," akasema. "Nimekubali."

Ardis akabaki na tabasamu usoni, hana pa kulipeleka. Nami sikungoja, nikashika ncha moja ya meza, Pruitt akashika nyingine, tukasukuma kinu cha upepo na anga lake hadi kwenye friji. Ardis hanisalimii mpaka leo. Shauri yake.

Rafu zililetwa mchana uleule. Borghild aliloweka njegere, akatandika pamba, akanyunyiza mbegu, akakaa mbele ya zile taa na kikoti chake cha kanisani kama anayelinda mgonjwa. Renae kule chini alimwomba daktari asubiri kidogo, huku anambembeleza Ansgar kwa maziwa kijiko kwa kijiko. Yale majani makali ndiyo huwahi. Yalikuwa hayajafika hata urefu wa kidole Borghild alipochukua mkasi.

Tulishuka pamoja. Ansgar alikuwa ametazama ukutani, mashavu yamebonyea. Borghild akaketi, akaleta kijiko mdomoni, yai na siagi na kijani juu yake. Ansgar hakufungua. Kisha harufu ikamfika, nikaona pua yake inacheza. Akafungua. Akatafuna muda mrefu kwa upande mmoja wa kinywa, amefumba macho. Akameza.

Borghild akashusha kijiko.  "Nikuongeze?" akamuuliza.

Ansgar Tveit ni mtu wa kwetu kuliko sisi sote. Aliwahi kukataa kiti kwenye harusi ya mwanawe mpaka alipobembelezwa na mchungaji. Na tangu kile kiharusi neno likimtoka ni kwa kuligombania, nusu linabaki ndani. Aligeuza kichwa, akamtazama mkewe.

"Ndiyo," akasema.