Kopo la Jumamosi

Siku ya majibu ya damu tulikuwa wanne katika zahanati ya Kangemi: shosho, bibi yetu, aliyepewa kiti cha pekee, mdogo wangu, bado na sare ya kidato cha pili, daktari, na mimi, kifungua mimba, niliyeacha shule mwaka mama alipomfuata baba kaburini. Shosho ndiye aliyeacha ng'ombe wake wawili shambani akaja kutulea.

Daktari aliinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Chini damu ilikuwa imetuama, nyeusi. Juu yake, mahali aliposema pangepaswa kuwa na maji ya manjano, palikuwa peupe na pazito.

"Kumbe mmenikamua maziwa?" shosho akauliza. "Basi nirudishieni, asubuhi hii mmeninyima chai."

Mdogo wangu alicheka. Daktari hakucheka. Alisema yale yalikuwa mafuta. Yale yanayoganda kwa baridi, ya nyama au ya kopo, yakiliwa kila siku, ini hulemewa kuyasafisha na damu hubaki nayo. Yakizunguka humo muda mrefu huharibika, kama chuma kinavyoshika kutu, na kutu hiyo huumiza mishipa. Uzee na ukoo vina sehemu yao, alisema, lakini mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huingia mwilini yakiwa na kutu yao tayari.

"Nyumbani mnapikia nini?"

Nilikuwa nakaanga chipsi katika hoteli ndogo ya River Road. Kila Jumamosi mwenye hoteli alituachia wafanyakazi mafuta ya wiki nzima kabla ya kufungua kopo jipya. Yalikuwa ya kahawia, yakinuka viazi na samaki. Nilibeba sehemu yangu hadi nyumbani, na kufikia Jumapili yalikuwa yameganda kama sabuni. Majirani walinunua mafuta ya kupimiwa kwa kijiko. Sisi tulikuwa na kopo. Kwa miaka mitatu nilijiona mtu kwa sababu ya kopo hilo. Shosho aliyeyushia donge juu ya githeri, mahindi na maharagwe yetu, na kuwaambia wanawake kwenye foleni ya maji, "Kwetu hatuli chakula kikavu."

Nilifungua mdomo kumjibu daktari. Shosho akanibana goti.

"Ni ya dukani, daktari. Ya kupimiwa. Kijiko tu."

Daktari aliandika. Mdogo wangu aliangalia viatu vyake. Mimi nilinyamaza, na ushauri tuliopewa ulikuwa wa watu wanaokula kijiko tu.

Nje nilimuuliza shosho kwa nini alidanganya.

"Nyamaza. Hakuna mtu ataandika kwa karatasi ati ni wewe uliniumiza."

Jumamosi iliyofuata niliwaachia wenzangu sehemu yangu. Shosho alichungulia mfuko wangu. "Leo kazini hawakukupa kitu?" Nikamjibu kwamba mwenye hoteli sasa anayauza mafuta hayo. Alikubali kula mboga ya sukuma ya kuchemsha, akilalamika kwamba hata ng'ombe wake walikula vizuri zaidi.

Mvua ndefu zilipoanza, upande wake wa kulia ulikufa ghafla, na ulimi pia. Hospitalini daktari mwingine, kijana, alikuja na faili. Akaniuliza mgonjwa alikuwa amezoea kupikiwa mafuta gani. Shosho alikuwa ananitazama. Safari hii mkono ulionibana ulikuwa umekufa.

"Ya dukani," nikasema. "Kijiko tu."

Akaandika. Shosho alifumba macho. Sijui kama ni usingizi.

Aliishi siku tisa. Tulimzika shambani, karibu na zizi lililobaki tupu. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne, na mimi nimebaki jikoni kule kule. Kila Jumamosi wafanyakazi wapya wananyoosha makopo yao, nami nawaambia wamwage. Wananicheka: "Huyu naye ana maringo!" Siwaelezi sababu.

Shosho alidanganya kwa ajili yangu, akaubeba uongo huo hadi kaburini, na deni hilo halijalipwa. Daktari wa Kangemi bado yupo. Napita mlangoni pake nikienda sokoni, naona amekaa akiandika. Sijaingia kumwambia.