Amepita au Imepita

Mume wangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya misheni pale Hasamba, na kaka yangu aliishi ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Wanaume wazima wale, wenye ndevu zao, walikuwa wanashindana kuhesabu ndege na wanyama. Kila Januari walifungua madaftari mapya. Kila kiumbe aliyeonekana kutoka barazani aliandikwa, na mtu wa nyumbani alishuhudia kwa kidole gumba. Katikati ya Desemba walipelekeana barua, na mwenye orodha fupi alifunga safari ya siku mbili kwa miguu kwenda kula Krismasi kwa mwenzake.

Mume wangu alikuwa ameshinda miaka mitatu mfululizo. Kaka anakuja, watoto wanaruka kwa furaha, mimi nalia jikoni. Mama yetu alibaki Nakonde, hawezi kutembea, macho yamekwisha. Miaka mitatu sijamtia machoni! Nikiomba niende, bwana mkubwa anang'aka, "Mshindi haendi, hufuatwa." Kichwa ngumu yule, acha tu.

Basi mwaka wa nne nikawa adui wa ndege. Nilipiga madebe asubuhi. Hondohondo alipotua kwenye mkuyu wetu nikamrushia mwiko. Mume akashangaa mbona mwaka huu hata tetere wametuhama, nami nikamwambia labda ni mambo ya vita vile vya Wazungu.

Barua ya kaka ikafika. Hesabu zao ziko sawasawa, na siku ya kufunga madaftari ni kesho yake. Tukiwa barazani tukasikia mngurumo juu. Majirani wakakimbilia kujificha kwenye mashamba ya kahawa. Mume wangu alikimbilia kalamu.

"Ndege imepita!" alipiga kelele. "Imepita juu ya nyumba yangu! Nimeshinda! Mama watoto, leta kidole."

"Kile si ndege," nikasema.

"Ni nini basi?"

Nikafungua mdomo. Jamani, nilikuwa sina neno jingine! Ndege ni ndege. Akaanza kucheka, kalamu iko hewani, na mimi nikamwona mama yangu akipotea mwaka mwingine tena. Ndipo nikakumbuka wanafunzi wake anavyowachapa wakikosea ngeli.

"Mwalimu," nikasema, "mwewe amepita au imepita?"

"Amepita, bila sha..." Akashusha kalamu.

"Na wewe umesema nini sasa hivi? Majirani wote wamesikia."

Alikaa na daftari mapajani hadi chai ikapoa. Akaandika sare, kisha kesho yake asubuhi kaka akatuletea nyongeza kwa mkono wa mtu wa baiskeli: ameongeza mmoja. Mbuni.

"Mbuni! Nakonde!" Mume wangu alinung'unika njia nzima, kuku wa Krismasi kwapani. Tulipofika hakusubiri hata maji. "Shemeji, mbuni huyo kamwona nani?"

"Mama," kaka akasema, akitazama chini.

Mama alikuwa mkekani, ananipapasa uso kwa mikono miwili. "Nilimwona, mkwe wangu," akasema. "Ningemwona hata tembo mwenye mabawa, mradi huyu aje."

Mume wangu akamwekea kuku wa Krismasi pale mkekani. Januari alifungua daftari jipya kama kawaida. Mwaka ule mkuyu wetu ulijaa ndege tele, wanapigana juu ya matawi, wanatunyea barazani, na mwalimu wangu mzima, amekaa chini yao, hakuona hata kunguru.