Pua ya Kaka Yangu

Mama yangu alikuwa mfinyanzi pale Sindeni, na zama zile za Mdachi yeye ndiye aliyefinyanga visanamu vya udongo vya kufundia wanawali. Akifinyanga uso hufumba macho. Ukimuuliza sababu anakwambia macho yana papara, yanamsumbua.

Kaka yangu alikwenda kukata mkonge Ngombezi, homa ikamuua hukohuko, wakamzika bila sisi kuliona kaburi. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Tangu hapo, kila jioni akawa anachukua bonge la udongo, anafumba macho, na kidole gumba kinaitafuta pua ya kaka, iliyopinda tangu utotoni alipopigwa kichwa na mbuzi beberu. Ikishatokea anatulia. Analibonyeza bonge, anakwenda kulala.

Siku ya arobaini, mwenzake kaka wa kambi ya mkonge akatuletea picha. Mzungu mmoja alikuwa amemsimamisha kaka mbele ya mashine yake ya picha, akamkataza kucheka. Mimi nilikuwa nimeolewa Korogwe, nimezoea picha zilizobandikwa dukani kwa Mhindi, nikamtambua papo hapo. Mama aliigeuza juu chini, akaipapasa.

"Hee! Mbona ni bapa tupu? Pua iko wapi? Mnanichezea mimi, na msiba wangu huu?"

Nikamng'ang'ania, kiherehere mimi. Weusi huu ni kivuli cha shavu, mama. Weupe huu ni jua kwenye paji. Yeye akaona madoa tu, mchana kutwa. Halafu ghafla akashtuka, mkono mdomoni.

"Mwanangu!"

Karatasi ileile, madoa yaleyale. Kilichogeuka kilikuwa kichwani mwake. Tulikumbatiana tukalia, nami nikajiona nimefanya la maana.

Jioni akachukua udongo, akafumba macho. Kidole kikapita pale pa pua, kikarudi, kikapita tena. Akalitupa bonge chini.

"Nikifumba macho ananijia huyu wa karatasi. Kanuna, ananitazama kama hanijui, wala hana pua ya kushika. Yule wangu mmempeleka wapi?"

Nilipandwa na hasira, sijui nilimkasirikia nani. Nikaikwapua ile picha, nikasema basi, naitia motoni sasa hivi.

Mama alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa na mwana.

"Ichome tu," akasema. "Nimeshaiona."