Sitalipa Faini ya Simu Iliyozima

Mimi ni fundi cherehani, na nilijua mapema kwamba nikimshonea mtu gauni likafumuka harusini, sina pa kupita mtaa wetu wote wa Pasiansi. Watanisema sokoni, watanisema kanisani, na mwenye gauni atanijia mlangoni na shangazi zake wote. Hakuna aliyewahi kunitoza faini kwa mshono mbovu. Naogopa macho ya watu, basi napiga mshono mara mbili kwapani na maisha yanaendelea.

Nayasema haya ili ieleweke kwa nini nilikasirika vile juu ya simu.

Niliinunua mjini kwa raha zangu, kwenye duka la mwanachama mwenzangu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Ilikuwa simu nzuri, siisingizii. Nilipiga picha za mishono, wateja wakachagua humo humo, na matangazo ya misiba ya kikundi yakawa yanaingia kwenye grupu badala ya mjumbe kupanda mawe ya mlima wetu akigonga mlango mmoja mmoja. Kisha ikaanza kuniletea ujumbe kwamba kuna toleo jipya la mfumo wake, nibonyeze. Nikabonyeza, kwa kuwa iliniahidi itakuwa bora zaidi. Tangu hapo ikawa nzito, betri inaisha kabla ya chakula cha mchana, na mara nyingine inazima wakati bado inaonyesha nusu. Fundi simu aliigeuzageuza akaniambia betri imebandikwa kwa gundi, kioo cha nyuma lazima kipashwe moto ndipo kifunguke, kinaweza kupasuka, na hata kikifunguka salama, betri yake halisi haiji tena madukani.

"Mama, hii waliitengeneza isifunguliwe," alisema, akanirudishia.

Nilimuuliza nani atengeneze kitu kisichofunguliwa. Hata sanduku la maiti lina misumari inayong'oka. Akacheka, akaita mteja mwingine.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mjane wa Kiislamu, muuza maandazi. Mama yangu alikuwa amepooza, halali wala haketi bila kusaidiwa, na kila asubuhi jirani akishauza alikuwa anaingia kwangu bila hata kubisha, tunamgeuza mama pamoja, yeye anashika mabega, mimi miguu. Mama anamtania kwa Kisukuma, yeye anajibu kwa Kiswahili cha kwao Ujiji, na sijui walielewana nini lakini walicheka. Ndugu zangu wa damu hawakunifanyia alichonifanyia yule mwanamke.

Siku aliyofariki nilikuwa Usagara, nje ya mji, nimepeleka sare za shule. Alianguka asubuhi uani kwake, na hakufika hospitali akiwa hai. Ndugu zake wakapanga azikwe alasiri ileile, kama ilivyo desturi yao. Tangazo likawekwa kwenye grupu. Binti yangu, niliyemwacha na mama, akanipigia na kunipigia. Simu ilikuwa imezima ndani ya mkoba na mimi sina habari, maana nilipoitazama mara ya mwisho ilikuwa na nusu nzima ya chaji. Mvua ikanizuia, nikalala kwa mteja wangu. Tukaiweka kwenye umeme pale, ikawa inawaka inazima, inawaka inazima, mpaka nikaitupa kando nikalala.

Kesho yake mchana, nilipopanda kuelekea nyumbani, niliona turubai limefungwa karibu na mlango wangu. Nilijua ni mama. Nilikimbia na mkoba kichwani, viatu vikabaki njiani. Nilimkuta mama kitandani, mzima, analia, na hakuweza kuniambia kitu zaidi ya kuonyesha ukutani kwa mkono wake mmoja unaofanya kazi. Nikatoka nje, nikawakuta wanawake wanaosha masufuria ya jana. Kila kitu kilikuwa kimekwisha. Nilikaa chini pale pale kwenye maji machafu nikalia kama mtoto.

Mkutano wa kikundi uliofuata, nyumbani kwa mwenyekiti, katibu alisoma waliokosa maziko. Tulikuwa wawili: mimi na mwenye duka la simu. Faini yetu ya kukosa maziko si ndogo, iliwekwa makusudi iume. Yule bwana hakusubiri hata katibu amalize. Alishaitoa bahasha. Ilikuwa kawaida yake. Mwanzo wa mwaka alikuwa analipa hata faini za misiba ambayo bado haijatokea, anamwambia mweka hazina, "Hizi zikae hapo, mimi mtu wa biashara." Na sisi tulikuwa tunampenda, maana mfuko wetu ulinenepa.

Ikafika zamu yangu. Nikasema, "Mwenyekiti, mimi silipi."

Mwenyekiti wetu ni dereva mstaafu, mtu wa taratibu. "Mama, katiba haichagui mtu."

"Nimekosa maziko ya mtu aliyekuwa ananishikia mama yangu," nikasema. "Mnadhani nilikuwa kwenye sherehe? Simu ilizima yenyewe na chaji inayo. Mimi mnanitoza kwa sababu ilizima. Aliyeitengeneza izime analipa nini?"

Watu wakaanza kunong'ona. Mwenye duka akatabasamu lile tabasamu lake la dukani. "Mama yangu, simu zote ndivyo zilivyo. Miaka miwili, mitatu, imechoka. Njoo dukani nikufanyie bei ya mwanachama."

"Imechoka au imechoshwa?"

"Yote mawili," akasema, na watu wakacheka. Lazima niseme hakuwa mtu wa kuficha mambo. Akaendelea kueleza kwa kujiamini kwamba huko Ulaya kampuni kubwa zimeshapigwa faini kwa kuzitia uzito simu za zamani ili watu wanunue mpya. "Na wakafanya nini? Wakalipa. Wakatoa toleo jipya. Faini kwao ni kama mimi kulipa ushuru wa maegesho. Mama, usipigane na dunia."

Hapo hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona miaka yote tuliyokaa naye kwenye mikeka ya mikutano.

"Kwa hiyo ni kama wewe," nikasema.

"Mimi?"

"Wewe. Umewahi kuonekana msibani kwetu tangu uingie kikundi hiki? Unalipa kabla mtu hajafa. Sisi tunadhani tunakuadhibu, kumbe tunakuuzia ruhusa."

Mwenyekiti akagonga meza, akasema tusitoke nje ya ajenda. Nilipewa mpaka mkutano ujao: nilipe, au nijihesabu nimetoka.

Kutoka kwenye kikundi si jambo la mchezo. Kikundi ndicho kinacholeta turubai, sufuria, kuni, jeneza, na watu wa kuchimba kwenye ardhi yetu yenye mawe, ambayo watu wawili hawaimalizi. Nilipomweleza mama, alinishika kiganja. "Mwanangu, lipa," akasema. "Nani atanizika?" Sina maneno ya kueleza maumivu ya kuulizwa hivyo na mama yako. Nilikuwa na pesa ya faini. Ilikuwa kwenye kopo la vifungo, ningeweza kunyoosha mkono. Nikamwambia nitamzika mimi, kwa kucha zangu ikibidi. Aligeuza uso ukutani na hakula usiku ule.

Siku zilizofuata nilikuwa nashona nikizozana peke yangu. Nilikataa kulipa kwa sababu nilijua nikilipa, jambo limeisha: jirani yangu amekatiwa risiti. Na kampuni nayo ikilipa faini yake huko iliko, jambo limeisha, simu yangu bado imekufa. Pesa ya faini haikuja Pasiansi kunibadilishia betri. Nani aliniomba radhi? Mimi mteja akiniletea suruali iliyofumuka, sipeleki hela serikalini. Nakaa chini naifumua, naishona upya, yeye amekaa kwenye benchi ananitazama, na aibu ile ndiyo inayonifanya suruali inayofuata nisiilipue. Wenye kampuni hatuwaoni. Hawajui mlima wetu. Serikali iwatoze faini ikitaka, mimi sikatai, lakini iwalazimishe pia kuifungua ile gundi, walete betri, waitengeneze simu waliyoiua, hata kama imeshachoka kuliko mimi. Kazi ile ile waliyokimbia, waifanye. Hiyo ndiyo itawauma.

Mkutano uliofuata nilikwenda na hayo. Sikubembeleza. Nilisema sitoi hata senti, lakini nipeni kazi. Nilikosa maziko, nipeni msiba nifanye mimi: maji, kuni, masufuria, kuanzia turubai linafungwa mpaka linafunguliwa. Na iwe hivyo kwa kila atakayekosa bila taarifa. Hakuna bahasha.

"Na mwenye shughuli?" akauliza mwenye duka. "Mimi nitamtuma kijana wangu wa dukani."

"Wewe mwenyewe," akasema mama mmoja muuza dagaa kutoka nyuma, kabla sijafungua mdomo.

"Hata sijui kukoroga ugali."

"Utafundishwa," wakasema wengine, na sasa kicheko kilikuwa upande wangu.

Mweka hazina alipinga, akasema mfuko utakonda, na alikuwa sahihi, umekonda kweli. Mwenyekiti alitazama katiba, akatutazama sisi, akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ilinyooshwa mingi, wengine wananyoosha wakimtazama mwenye duka waone sura yake. Likaongezwa pia kwamba tangazo la msiba litapelekwa na kwa miguu, mlango kwa mlango, kama zamani, maana hatuwezi kuacha maiti zetu zitegemee betri.

Adhabu yangu niliitumikia kwenye arobaini ya jirani. Nilichota maji, nikapasua kuni, nikachambua mchele mpaka macho yakauma. Hakuna aliyenihurumia na sikutaka. Mwanawe mkubwa alipokuja kunipokea ndoo nilimfukuza. Ilipofika jioni nilikuwa nimechoka vibaya, na kwa mara ya kwanza tangu afariki nilihisi nimemzika.

Simu ile bado ninayo. Nimeifunga kwenye umeme kando ya cherehani kama mbuzi aliyefungwa mtini. Ikichomolewa tu, imekufa. Toleo jipya kila wiki linaniomba nibonyeze. Sibonyezi. Wateja wananicheka, nawaambia wacheke wakilipa.

Mama alifariki miezi michache baadaye, asubuhi, nikiwa nimemshika mabega. Kikundi kilikuja chote. Walichimba kwenye mawe tangu alfajiri ya siku ya maziko, nikisikia sururu kutoka mkekani nilipokaa. Wakati fulani nilitoka nyuma ya nyumba kunawa uso, nikamkuta mwenye duka la simu. Alikuwa amekosa msiba uliotangulia, na kazi yake ilikuwa kwangu. Shati jeupe limeloa, suruali imekunjwa mpaka magotini, amepiga magoti mbele ya sufuria la ugali lililoungua, analikwangua kwa kijiko. Viganjani malengelenge yalikuwa yamemtoka. Mfukoni simu yake mpya ilikuwa inaita na mikono yake yote miwili imejaa masizi, hawezi kuipokea.

Aliponiona alisimama haraka. "Pole sana, mama. Pole kwa msiba." Kisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha mambo, akasema, "Mama, ningelipa faini mara kumi kuliko hii."

"Najua, baba," nikamwambia. "Ndiyo maana tumekataa hela yako."

Simu ikaita tena. Hakuigusa. Alipiga magoti, akaendelea kukwangua, na safari hii alianzia kwenye sehemu alizokuwa ameziruka.